Al Haynes

Alfred Clair Haynes, anayejulikana zaidi kama Al Haynes (31 Agosti 1931 – 25 Agosti 2019), alikuwa rubani wa ndege za abiria kutoka Marekani. Anakumbukwa kama kapteni wa United Airlines safari namba 232, ndege iliyoanguka Sioux City, jimbo la Iowa, tarehe 19 Julai 1989. Ingawa ndege hiyo ilikuwa imepoteza karibu uwezo wote wa kuongozwa, watu 184 kati ya 296 waliokuwemo walinusurika.

Maisha ya awali

Haynes alizaliwa katika mji wa Paris, jimbo la Texas, akakulia Dallas. Alisoma kwa muda katika chuo cha Texas A&M kabla ya kujiunga na mafunzo ya urubani ya jeshi la majini mwaka 1952. Alitumikia kikosi cha wanamaji (Marine Corps) kama rubani hadi mwaka 1956. Mwaka huohuo aliajiriwa na United Airlines, ambako alifanya kazi hadi kustaafu kwake. Kufikia siku ya ajali alikuwa na umri wa miaka 57 na jumla ya saa 29,967 za kuruka, kati yake zaidi ya 7,000 katika ndege za aina ya DC-10.

Ajali ya mwaka 1989

Ndege hiyo aina ya DC-10 iliondoka Denver kuelekea Chicago. Baada ya muda wa saa moja hivi, ikiwa kwenye kimo cha futi 37,000 (takriban mita 11,300), sahani ya feni ya injini ya mkiani ilipasuka. Vipande vyake vilikata mirija ya mifumo yote mitatu ya haidroliki, yaani mifumo ya mafuta yenye shinikizo inayosukuma sehemu za mabawa na mkia ili ndege ipande, ishuke au igeuke. Watengenezaji waliamini kwamba mifumo yote mitatu haiwezi kuharibika kwa pamoja. Kwa sababu hiyo marubani hawakuwa na maelekezo yoyote ya kufuata.

Kilichobaki kufanya kazi ni injini mbili za chini ya mabawa. Haynes, rubani msaidizi William Records na mhandisi wa ndege Dudley Dvorak walijaribu kuiongoza ndege kwa kuongeza nguvu ya injini moja na kupunguza ya nyingine. Miongoni mwa abiria alikuwamo Dennis Fitch, rubani wa kampuni hiyohiyo aliyekuwa mkufunzi wa DC-10. Alipojitolea kusaidia, Haynes alimkaribisha katika chumba cha marubani na kumkabidhi kazi ya kudhibiti nguvu za injini hizo.

Dakika 44 baada ya injini kupasuka, ndege ilifika uwanja wa Sioux City. Iligusa ardhi kwa kasi ya takriban kilomita 400 kwa saa, kubwa mno kuliko kawaida. Bawa la kulia lilitangulia kugonga, kisha ndege ikavunjika vipande na kuwaka moto. Watu 112 walifariki. Marubani wote wanne walikwama ndani ya mabaki ya chumba chao kwa zaidi ya nusu saa, lakini waliokolewa wakiwa hai.

Uchunguzi ulionyesha kwamba sahani hiyo ya titani ilikuwa na kasoro tangu ilipotengenezwa. Kasoro hiyo ilizaa ufa uliokua taratibu na ambao ukaguzi haukuugundua. Marubani wengine waliowekwa baadaye katika mashine ya kuigiza safari hiyo hawakuweza kutua salama.

Ushirikiano kazini

Haynes alikataa kuitwa shujaa. Alisema matokeo yale yalitokana na mambo matano: bahati, mawasiliano, maandalizi, utekelezaji na ushirikiano. Ajali ilitokea mchana na hali ya hewa ikiwa nzuri. Askari 285 wa kikosi cha anga cha akiba cha Iowa walikuwa kazini uwanjani. Na hospitali za mji zilikuwa zikibadilishana zamu, hivyo wahudumu walikuwa wengi. Eneo hilo pia lilikuwa limefanya mazoezi ya kukabiliana na ajali kubwa ya ndege mwaka 1987.

Alisifu pia mafunzo ya ushirikiano yaliyoanzishwa na United mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya ndege yake nyingine kuishiwa mafuta na kuanguka Portland mwaka 1978. Zamani neno la kapteni lilikuwa halipingwi. Mafunzo hayo yalimtaka kapteni asikilize wenzake, na wenzake waseme wanachokiona. Leo safari namba 232 hutumika sana kama mfano katika kufundisha marubani.

Kustaafu na familia

Haynes alirudi kazini miezi michache baada ya ajali. Alistaafu mwaka 1991 alipotimiza miaka 60, ukomo wa umri wa marubani wa mashirika ya ndege wakati huo. Baadaye alitoa mamia ya hotuba kwa marubani, wazimamoto, wahudumu wa hospitali na wengineo. Alizungumza waziwazi juu ya uchungu wa kubaki hai ilhali abiria wake walikufa, akiwahimiza walionusurika kutafuta ushauri nasaha.

Aliishi katika eneo la Seattle, ambako kwa miaka mingi alijitolea kama mwamuzi wa besiboli ya watoto na mtangazaji uwanjani katika mechi za shule. Alifiwa na mwanawe mmoja kwa ajali ya pikipiki, kisha na mkewe mwaka 1999. Binti yake alipohitaji kupandikizwa uboho, watu wengi walichangia gharama za matibabu, wakiwemo walionusurika katika safari namba 232.

Mwaka 1992 ajali hiyo ilitengenezewa filamu ya televisheni, ambamo Charlton Heston aliigiza kama Haynes. Haynes alifariki Seattle, siku sita kabla ya kutimiza miaka 88.