Alama za soksi za kubana zisizofaa kupuuzwa

SOKSI za kubana miguu huagizwa na madaktari kwa wagonjwa wenye mishipa ya vena iliyovimba, wanaofura miguu, au wanaokabiliwa na hatari ya damu kuganda baada ya upasuaji. Hata hivyo, soksi isiyomkaa mgonjwa sawasawa yaweza kumjeruhi badala ya kumletea nafuu.

Kazi yake ni kusaidia damu kupanda kutoka miguuni kurudi moyoni. Kwa hivyo, hufumwa ibane zaidi kwenye kifundo cha mguu, kisha mbano upungue kidogo kidogo kuelekea juu. Nguvu hiyo hupimwa kwa milimita za zebaki, kama ilivyo kwa shinikizo la damu. Soksi nyingi zinazoagizwa na madaktari huwa na nguvu ya milimita 20 hadi 30, na zilizo kali zaidi 30 hadi 40.

Soksi inapovuliwa jioni, si ajabu kuona michoro ya ufumaji au mstari hafifu chini ya goti. Iwapo alama hizo hazina maumivu na zinatoweka katika muda wa nusu saa hivi, hazina madhara. Lakini mfereji wa kina unaosalia kwa saa kadhaa, malengelenge au michubuko huashiria kwamba soksi ni ndogo mno, imekunjamana, au mguu umezidi kufura.

Aghalabu mgonjwa huambiwa atafute wekundu. Katika ngozi nyeusi, wekundu huo huenda usionekane. Badala yake hutokea doa jeusi zaidi au la zambarau. Ni heri ngozi ipapaswe pia, hasa kisiginoni, kwenye vifundo, vidole na mfupa wa muundi. Sehemu yenye joto, ngumu au inayouma kuliko zilizo kando yake yafaa kuchunguzwa na daktari.

Kosa la kawaida ni kukunja ukingo wa juu soksi inapokuwa ndefu. Tabaka mbili hubana kupita kiasi na kugeuka kitanzi kinachozuia damu ile ile iliyokusudiwa kusaidiwa kupanda.

Nambari ya kiatu pekee haitoshi kuchagua soksi. Mguu hupimwa kwa utepe asubuhi, kabla haujafura: mzunguko wa kifundo mahali palipo pembamba, mzunguko wa shavu la mguu mahali palipo panene, na urefu kutoka kisigino hadi chini ya goti. Miguu yote miwili hupimwa, maadamu huenda isilingane. Mgonjwa akikonda, akinenepa au uvimbe ukipungua, hupimwa upya.

Walio hatarini zaidi ni wasiohisi maumivu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 katika jarida la Lancet ulihusisha zaidi ya wagonjwa 2,500 wa kiharusi nchini Uingereza, Italia na Australia. Matatizo ya ngozi yaliwapata asilimia 5 ya waliovishwa soksi za kufika pajani, ikilinganishwa na asilimia 1 ya wasiovishwa, ilhali soksi hizo hazikupunguza pakubwa visa vya damu kuganda.

Wagonjwa wa kisukari na wavutaji sigara nao huenda wana ateri zilizoziba. Kwao, mbano waweza kuinyima ngozi damu hadi ikafa. Ndiyo sababu daktari hulinganisha kwanza shinikizo la damu la kifundo cha mguu na lile la mkono.

Soksi huvuliwa angalau mara moja kwa siku ili ngozi ioshwe na kukaguliwa. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, ivuliwe mara moja. Mguu mmoja ukifura ghafla na kuuma, au mgonjwa akikosa pumzi, akimbizwe hospitalini bila kuchelewa, kwani huenda damu imeganda.