Swapu ya kulazia kompyuta diskini

Kulaza kompyuta diskini ni kuizima kabisa bila kufunga kazi iliyokuwa ikiendelea. Yaliyomo katika RAM huandikwa diskini, umeme hukatwa, na mashine ikiwashwa tena programu hurudi pale zilipoachwa. Windows huiweka nakala hiyo katika faili lake maalumu, hiberfil.sys, na mtumiaji hana mengi ya kuchagua. Katika Linux nakala huenda kwenye swapu, yaani ile nafasi ya diski ambayo keneli huitumia RAM inapobana. Si kila swapu inaifaa kazi hiyo.

Watu huanza kwa kuuliza ukubwa. Kabla ya kuandika chochote, keneli husimamisha programu na kuinakili RAM ndani ya RAM yenyewe. Kwa hiyo nakala haiwezi kuzidi takribani nusu ya RAM. Isipoelekezwa vingine, keneli hulenga sehemu mbili kwa tano: kwa mashine ya GB 16, kama GB 6.4, tena kabla ya kubanwa. Hesabu hii huwadanganya wengi. Data ya programu isiyoingia katika nakala nayo huhitaji pa kwenda, na pa kwenda ni swapu hiyohiyo, ambayo huenda tayari ina kurasa zilizohamishiwa humo tangu asubuhi. Swapu iliyo sawa na RAM, pamoja na nyongeza ya matumizi ya kawaida, ndiyo salama. Red Hat hushauri mara moja na nusu ya RAM kwa mashine za GB 8 hadi 64 zitakazolazwa, na mara mbili kwa zile za GB 2 hadi 8.

Aina ya swapu ina uzito kuliko ukubwa. Wakati wa kuamka, keneli hutakiwa kuipata nakala kabla mfumo wowote wa faili uliokuwa ukitumika haujafunguliwa. Sababu ni kwamba ndani ya nakala mna kumbukumbu ya hali ya mafaili ilivyokuwa wakati wa kulala. Diski ikiguswa kabla ya kumbukumbu hiyo kurudishwa, viwili hivyo havitaafikiana tena, na data huharibika. Sehemu ya diski iliyotengwa kwa swapu haina tabu: inatosha kuitaja kwa kigezo cha resume=. Faili la swapu limekubalika tangu Linux 2.6.20 ya mwaka 2007, lakini kwa kuwa halitafutwi kwa jina, lazima keneli ipewe pia namba ya mahali linapoanzia, kwa resume_offset=. Faili likiundwa upya, namba ya zamani haifai kitu. Kwenye Btrfs, iliyokubali mafaili ya swapu tangu Linux 5.0 ya 2019, masharti huongezeka: faili lisinakiliwe kila linapoandikwa, lisibanwe, na namba itafutwe kwa zana ya Btrfs yenyewe. Mwenye nafasi ya kutenga sehemu ya diski atenge, ajiepushie hayo yote.

Zram, ambayo Fedora iliifanya swapu ya kawaida kuanzia toleo la 33 la mwaka 2020, haifai hata kidogo, kwani imo ndani ya RAM na hufutika umeme ukikatika. Inaweza kubaki kwa matumizi ya kila siku ikipewa kipaumbele cha juu; ile ya diski, yenye kipaumbele cha chini, hubaki karibu tupu ikisubiri nakala.

Swapu iliyosimbwa kwa ufunguo unaobuniwa upya kila mashine inapowashwa nayo haifai, maana ufunguo hupotea kabla nakala haijasomwa. Kuiacha wazi ni vibaya zaidi: nakala ya RAM hubeba nywila na hata funguo za diski iliyosimbwa. Njia sahihi ni ufunguo wa kudumu unaoombwa mwanzoni mwa kuwaka. Palipo na Secure Boot, keneli za usambazaji mwingi hukataa kulala diskini, swapu iwe ya namna gani.

Mifumo miwili ya Linux kwenye mashine moja isishirikiane swapu. Wakati wa kulala, alama ya SWAPSPACE2 iliyo mwanzoni mwa swapu hubadilishwa kuwa S1SUSPEND. Mfumo wa pili ukiwashwa, huweza kuirudisha alama ya zamani na kuanza kuitumia nafasi hiyo, na kazi iliyolazwa ikapotea.