UZI: Miaka 14 ya kazi ya serikali, pensheni sufuri. Hii ilianzia wapi?

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu aahidi jukwaani ati "vibarua wote wataajiriwa kwa kudumu". Tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Mjomba wangu alifagia soko la umma 2008 hadi 2022, akatoka bila pensheni. Ndio maana nimeichimba hii mada. Twende polepole.

2/ Neno lenyewe: kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Mwenye barua ya ajira alikuwa na kesho. Mwenye kibarua alikuwa na leo tu.

3/ Mkoloni alimlipa Mwafrika akidhani ana shamba nyumbani: mji utumie nguvu zake, uzee ulelewe kijijini. Makuli wa Mombasa waligoma 1939. Januari 1947 mji wote ukasimama. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ikakubali: mfanyakazi anahitaji mshahara wa kulea familia na mpango wa uzeeni.

4/ Uhuru ukaja. Sheria ya Pensheni, Sura 189, ikabaki ya walioajiriwa kwa kudumu, tena waliofikisha miaka 10. NSSF ikaanzishwa 1965, lakini ilikuwa akiba: unatoa ulichoweka na riba yake. Kuanzia 2001 hadi mapema 2023 mchango ulikuwa 200 zako na 200 za mwajiri kwa mwezi. Piga hesabu ya miaka 14: 67,200 kabla ya riba. Hiyo ni kama michango ilipelekwa kila mwezi.

5/ "Si kuna sheria?" Iko. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, au kazi yenyewe ikiwa ya miezi mitatu na zaidi, anahesabiwa mfanyakazi wa mwezi. Soko hufagiliwa kila siku, jameni. Hiyo ni kazi ya muda kweli?

6/ Hapa ndio kuna shida. Sheria inasema "mfululizo". Mjomba alikuwa anasimamishwa siku chache, kisha anaandikwa upya kama mgeni. Hakuwa anajua kifungu cha 37, na hakuna aliyemwambia. Mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma ulipoanza Januari 2021, mfanyakazi akielekea kukatwa 7.5% na serikali ikiweka 15%, yeye hakuwemo.

7/ Kwa hivyo ukisikia ahadi ya "kudumu", uliza mambo mawili. Miaka ya nyuma itahesabiwa? Michango ambayo haikupelekwa, nani atailipa? Bila majibu, mtu wa miaka 57 anapewa barua leo na kustaafu akiwa na miaka 60, bila hata kufikisha ile 10.

8/ Na ile hadithi ya shamba? Mjomba alizaliwa mjini. Hana shamba. Kama una mzazi kibarua, leo mwangalieni pamoja rekodi yake ya NSSF. Msingoje siku ya mwisho.