Kipepeo Aliyejengewa Ua

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kufungua redio, andika ubaoni maneno haya, na wanafunzi wayasome kwa sauti: kipepeo, kiwavi, sisimizi, malisho, mkusanyaji, kutoweka.

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na kalamu yake tayari, maana leo iko miaka ya kuandika.

Leo tutazungumza habari za kipepeo. Labda mzee mmoja hapo nyuma anacheka na kusema, "Sisi tuna mashamba na watoto wa kulea, vipepeo vya nini?" Mzee wangu, vumilia kidogo. Habari hii ni ya kipepeo, lakini ndani yake wamo kondoo, sungura na ng'ombe, na tena wamo watu wenye elimu waliokosea vibaya. Sikiliza mpaka mwisho, kisha utoe hukumu yako.

Kwanza mjue ya kuwa wako watu duniani wanaopenda vipepeo kama wengine wapendavyo dhahabu. Huwakamata kwa wavu, huwachoma pini, na kuwapanga sandukuni chini ya kioo. Kadiri kipepeo alivyo adimu, ndivyo wanavyomtamani zaidi. Katika nchi ya Papua New Guinea yuko kipepeo ambaye jike lake, likikunjua mabawa, hufika upana wa sentimita 25. Mwaka 1906 Bwana Albert Meek, aliyetumwa huko kutafuta wadudu, alimpata wa kwanza kwa kumpiga bunduki, kwa kuwa aliruka juu sana. Watu wa namna hii twawaita wakusanyaji.

Lakini leo hatutamfuata huyo mkubwa. Tutakwenda Uingereza, tumfuate mdogo ambaye mabawa yake yana upana wa sentimita 4 au 5 tu. Rangi yake ni buluu, na juu ya mabawa ana madoa meusi. Waingereza humwita Buluu Mkubwa, kwa sababu ndugu zake wa buluu ni wadogo kuliko yeye. Aliandikwa katika vitabu vya Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1795. Tangu mwanzo alikuwa adimu. Alionekana kwenye vilima vichache tu vya kusini, na kwa siku chache tu za kiangazi. Kwa hiyo wakusanyaji walimtafuta sana.

Sasa, kipepeo huyu alikuwa na siri. Watu waliomfuga waliona jike likitaga mayai katika maua ya mmea mdogo utambaao, wenye maua ya zambarau na harufu nzuri. Yai likaanguliwa, akatoka kiwavi. Kiwavi akala maua yale kwa muda wa majuma mawili au matatu. Kisha ghafula akakataa kula, akajiangusha chini, akafa. Walijaribu mara nyingi, wakashindwa. Alitaka chakula gani?

Siri hiyo ilifunuliwa kufikia mwaka 1915. Kumbe kiwavi yule akianguka chini hungoja apite sisimizi mwekundu. Kiwavi hutoa majimaji matamu, na harufu yake humdanganya sisimizi. Sisimizi humdhania kuwa ni mtoto wake aliyepotea. Humbeba kwa meno, humpeleka nyumbani chini ya ardhi, na kumweka pamoja na watoto wake wa kweli. Na mgeni yule hufanya nini? Huanza kuwala watoto wa mwenyeji wake. Hukaa humo karibu miezi kumi, akinenepa. Ukigawa uzito wake wote katika mafungu 100, mafungu 2 tu aliyapata katika maua. Mafungu 98 aliyapata kwa kula watoto wa sisimizi. Mwishowe hujifunga ndani ya ganda, na kiangazi kifikapo hutoka ardhini akiwa kipepeo.

Basi watu wakafurahi, wakasema, "Sasa twamjua." Lakini walijua nusu tu. Hapo ndipo msiba ulipoanzia.

Miaka ilipopita, vipepeo hawa walizidi kupungua. Watu waliuliza, nani anawamaliza? Jibu lilikuwa jepesi: ni wakusanyaji! Si ndio wanaoonekana na nyavu mkononi? Kwa hiyo katika miaka ya 1930 mahali pamoja palitengwa pawe pa kipepeo huyu, pakazungushiwa ua. Mkusanyaji asiingie. Na kweli hakuingia. Lakini ua ule ulimzuia mkusanyaji, ukamzuia na kondoo. Nyasi zikarefuka, zikawa nzuri kutazama. Mmea wake wa maua ya zambarau ulikuwapo, na sisimizi wekundu walikuwapo. Hata hivyo kipepeo alitoweka mahali pale. Na palipotengwa pengine baadaye mambo yalikuwa yale yale.

Wakati huo huo wakulima wengi waliacha kuchunga mifugo vilimani, kwa sababu haikuwapa faida. Pengine ardhi ililimwa kwa matrekta. Palipoachwa, sungura wa mwituni waliendelea kula nyasi. Lakini mwaka 1953 maradhi ya sungura yaliingia Uingereza kutoka bara la Ulaya, na katika muda wa miaka michache yaliua karibu sungura wote. Sasa hapakuwa na kondoo wala sungura, na nyasi zikafika magotini.

Mwaka 1972 mtaalamu kijana, Bwana Jeremy Thomas, alitumwa kumchunguza kipepeo huyu, ambaye sasa alibaki mahali pachache sana. Hakukaa ofisini. Kiangazi sita alikaa kilimani penyewe. Alihesabu mayai na viwavi, akapima urefu wa nyasi na joto la udongo, akafuata sisimizi mpaka mashimoni mwao.

Aligundua nini? Aligundua ya kuwa sisimizi wekundu si wa aina moja. Ukiwatazama kwa macho matupu utasema ni ndugu, lakini aina zao ni mbalimbali. Kila mmoja wao humbeba kiwavi nyumbani. Lakini katika nyumba za aina nyingine, karibu viwavi wote hufa. Ni aina moja tu ambamo viwavi huishi vizuri. Na aina hiyo moja hupenda joto. Katika nchi ile ya baridi, sisimizi huyo hukaa pale tu ambapo jua hupiga udongo wenyewe, yaani penye nyasi fupi zisizozidi kama sentimita 3.

Nyasi zikirefuka ni kama mwavuli. Udongo chini yake hupoa kwa nyuzi 2 au 3 tu. Wewe na mimi hatutasikia tofauti. Lakini sisimizi husikia. Huyu apendaye joto huhama au hufa, na mwingine apendaye baridi huja kushika nyumba. Mtu apitaye husema, "Sisimizi wekundu wapo bado." Kumbe si wale.

Sasa rudini kwenye ule ua. Waliujenga kwa upendo, lakini ndio uliomwondoa kondoo. Kondoo alipoondoka, nyasi zikarefuka. Nyasi ziliporefuka, udongo ukapoa. Udongo ulipopoa, sisimizi akaondoka. Na sisimizi alipoondoka, kipepeo hakuwa na mlezi. Wazee wetu walisema, "Adhaniaye ndiye, kumbe siye." Macho yote yalikuwa kwa mtu mwenye wavu, na hakuna aliyetazama nyasi.

Elimu ilipatikana, lakini ilichelewa. Mwaka 1975 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza watu wasimkamate kipepeo huyu. Mwaka 1976 ukaja ukame mkali. Na mwaka 1979, miaka 4 baada ya sheria, Buluu Mkubwa alitoweka katika Uingereza yote. Sheria ilizuia mkono wa mtu, lakini haikuweza kufupisha nyasi.

Wasikilizaji, habari ingeweza kuishia hapo. Lakini kipepeo huyo alikuwa hai bado katika nchi nyingine za Ulaya. Basi wataalamu walitayarisha vilima kwanza. Walikata vichaka, wakarudisha mifugo, wakaipangia miezi ya kula. Nyasi zikawa fupi, na sisimizi apendaye joto akarudi. Ndipo, tangu mwaka 1983, walipoleta vipepeo hawa kutoka kisiwa cha Öland katika nchi ya Uswidi. Walifaulu. Mwaka 2019 viwavi 1,100 waliachiliwa katika malisho ya Rodborough, magharibi mwa nchi, ambako kipepeo huyu hakuwa ameonekana kwa miaka 150. Kiangazi cha mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa vipepeo 750 walitokea hapo. Na mwaka 2022 Buluu Mkubwa alionekana kwa wingi usiopata kuonekana Uingereza kwa miaka mingi sana.

Je, wakusanyaji hawakuwa na kosa? Sisemi hivyo. Mahali ambapo vipepeo wamebaki wachache, wavu mmoja ni hasara kubwa. Mwaka 2017 mtu mmoja alihukumiwa mahakamani huko Bristol kwa kuwakamata na kuwaua vipepeo hawa hawa. Sheria ina kazi yake. Ninalosema ni kwamba sheria bila elimu ni kama kufunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Na wewe mzee wangu uliyecheka mwanzoni, tazama. Mnyama aliyemponya kipepeo anayetamaniwa na matajiri ni kondoo na ng'ombe, wakila nyasi kwa kiasi. Wakizidi, mmea nao huliwa ukaisha. Wakikosekana, nyasi huzidi. Kujua kiasi hicho ni kazi ya mchungaji tangu zamani. Basi siku mtakapokaa barazani kuamua jambo la msitu wenu, la kisima chenu au la malisho yenu, msiridhike na jibu jepesi la kwanza. Ulizeni: "Tumekwenda kutazama? Tumepima? Au tunajenga ua tu?"

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini kiwavi alikufa alipofugwa kwa maua peke yake?
2. Eleza hatua kwa hatua jinsi ua ulivyommaliza kipepeo.
3. Sheria ya mwaka 1975 ilisaidia nini, na haikusaidia nini?
4. Je, mwajua jambo la hapa kwetu ambalo mtu mmoja alilaumiwa, na baadaye chanzo kikaonekana kingine? Kila mmoja aandike sentensi tano.

Hapo ndipo tuishie leo. Kwa herini, mabibi na mabwana, mpaka juma lijalo.