Kimo, si Uzito: Historia ya Kumpumulisha Mgonjwa Mwenye Unene Uliokithiri Chini ya Nusukaputi, 1846–2019

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna madaktari wa nusukaputi walivyojifunza kumpumulisha mgonjwa mwenye unene uliokithiri. Inabainisha kwamba maarifa mawili ya msingi, yaani usingizi wa dawa na uhusiano wa mapafu na kimo cha mtu, yalitangazwa katika mwaka mmoja, lakini yalichukua zaidi ya karne moja na nusu kukutana kikamilifu kwenye meza ya upasuaji. Makala inashikilia kwamba kilichokosekana hakikuwa mitambo peke yake, bali kipimo sahihi: mizani ilitumika mahali palipohitaji futikamba.

1. Utangulizi

Mtu anapolala chali, tumbo husukuma kiwambo kuelekea kifuani. Kwa mtu mwenye unene uliokithiri msukumo huo ni mkubwa, na ukuta wa kifua nao hubeba mzigo wake. Akishalazwa kwa dawa na misuli kulegezwa, kiwambo hukosa nguvu ya kuuzuia msukumo huo. Hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi, ambayo ndiyo akiba ya oksijeni, hupungua, na baadhi ya vifuko vya hewa hujifunga. Wakati huohuo mwili mkubwa hutumia oksijeni nyingi zaidi. Kwa hiyo, pumzi ikikatika, mgonjwa huyo huishiwa oksijeni mapema kuliko mwembamba, na daktari anayetafuta njia ya kuingiza mpira wa kupumulia huwa na muda mfupi sana wa kukosea.

Swali linaloongoza makala hii ni la kihistoria: daktari aliyeshika pumzi ya mwenzake alijuaje ampe hewa kiasi gani?

2. Mwaka 1846: Boston na London

Tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alimvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston. Mgonjwa alipasuliwa uvimbe shingoni, na tukio hilo likawa mwanzo wa enzi ya nusukaputi. Mwaka huohuo, mjini London, daktari John Hutchinson alichapisha matokeo ya vipimo alivyofanya kwa chombo alichokibuni, yaani spirometa. Aliwapima zaidi ya watu 2,000, wakiwamo mabaharia, askari polisi na wazima moto. Aliona kwamba hewa ambayo mtu anaweza kuitoa baada ya kuvuta pumzi kwa ukamilifu huongezeka kwa kufuata kimo. Uzito haukufuata kanuni hiyo. Unene ukizidi, uwezo huo hupungua badala ya kuongezeka.

Matukio haya mawili hayakuhusianishwa, na ilikuwa na sababu. Mgonjwa wa etha alivuta pumzi mwenyewe, hivyo daktari hakulazimika kuamua ukubwa wa pumzi hiyo. Kanuni ya Hutchinson ilitumika kuchunguza magonjwa ya kifua, ikabaki mbali na chumba cha upasuaji.

3. Pumzi inapohamia mikononi mwa daktari

Hali ilibadilika tarehe 23 Januari 1942, Harold Griffith na Enid Johnson walipotumia kurare kulegeza misuli ya mgonjwa wa upasuaji mjini Montreal. Dawa za aina hiyo zilimrahisishia mpasuaji kazi, lakini kadiri matumizi yake yalivyoenea ndivyo zilivyozidi kumnyima mgonjwa uwezo wa kupumua. Miaka kumi baadaye, wakati wa mlipuko wa polio mjini Copenhagen mwaka 1952, daktari wa nusukaputi Bjørn Ibsen alionyesha kwamba aliyepooza angeweza kuhifadhiwa hai kwa mpira uliopitishwa kooni na mfuko wa hewa unaokamuliwa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari walipokezana kukamua mifuko hiyo usiku na mchana. Tangu hapo, ukubwa wa pumzi ukawa uamuzi wa mtu mwingine, si wa mwili wa mgonjwa.

Katika kipindi hichohicho, unene uliokithiri ulianza kutazamwa kama tatizo la upumuaji. Mwaka 1956, Burwell na wenzake nchini Marekani walieleza habari za mfanyabiashara mnene aliyesinzia akicheza karata ilhali alikuwa ameshika karata za ushindi. Damu yake ilikuwa na upungufu wa oksijeni na wingi wa hewa ya kaboni. Waandishi hao waliita hali hiyo kwa jina la riwaya ya Charles Dickens, The Pickwick Papers, ambamo kijana mnene aitwaye Joe husinzia kila mara. Jina lilishika, ingawa lilibeba kicheko kisichomfaa mgonjwa.

Mwaka 1966, Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa walianzisha upasuaji wa kukiepusha chakula na sehemu kubwa ya tumbo ili kupunguza uzito. Upasuaji wa aina hii ulipoenea, wagonjwa wanene hawakuwa tena wageni wa nadra. Walipelekwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya unene wenyewe.

4. Utawala wa mizani

Mwaka 1963, Bendixen, Hedley-Whyte na Laver walichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa waliopumulishwa chini ya nusukaputi. Oksijeni katika damu ilishuka taratibu pale pumzi zilipokuwa ndogo na za kufanana, na ilipanda mapafu yalipopanuliwa kwa pumzi kubwa. Waliona kwamba sehemu za mapafu zilikuwa zikisinyaa. Hoja hiyo ilikuwa sahihi, lakini ilichangia kujenga mazoea ya kutoa pumzi kubwa, mara nyingi mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mwili.

Hapa ndipo hatari ilipojificha. Tuseme mwanamke ana kimo cha sentimita 160 na uzito wa kilo 130. Akihesabiwa mililita 10 kwa kila kilo inayosomwa kwenye mizani, atapewa mililita 1,300 kwa pumzi moja. Lakini mapafu yake ni ya mtu wa sentimita 160. Kanuni ya kukadiria uzito kwa kimo na jinsia humpa takribani kilo 52. Kwa mililita 7 kwa kila kilo, pumzi inayomfaa ni takribani mililita 370. Kosa la kipimo humpa hewa zaidi ya mara tatu ya inayostahili, katika mapafu ambayo tayari sehemu yake imejifunga.

5. Kurudi kwa kimo

Mwaka 1985, Brismar, Hedenstierna na wenzao nchini Uswidi walitumia picha za kompyuta kuonyesha kwamba sehemu za chini za mapafu husinyaa dakika chache tu baada ya nusukaputi kuanza. Kilichokuwa dhana mwaka 1963 sasa kilionekana kwa macho. Paolo Pelosi na wenzake nchini Italia waliendeleza hoja hiyo kwa wagonjwa wanene. Mwaka 1998 walionyesha kwamba akiba ya hewa mapafuni hupungua kadiri unene unavyoongezeka. Mwaka 1999 walionyesha kwamba kubakiza shinikizo la sentimita 10 za maji mwishoni mwa kila pumzi kuliboresha upumuaji wa wanene, bila manufaa kama hayo kwa wasio wanene.

Pigo kwa utawala wa mizani lilitoka wodi za wagonjwa mahututi. Mwaka 2000, utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojeruhiwa vikali ulilinganisha mililita 12 na mililita 6 kwa kila kilo, kilo zikikadiriwa kwa kimo. Vifo vilikuwa asilimia 39.8 kwa pumzi kubwa na asilimia 31 kwa pumzi ndogo. Kanuni ya Hutchinson, baada ya miaka 154, ilikuwa imegeuka suala la uhai na kifo.

Mlalo wa mgonjwa nao ulichunguzwa. Mwaka 2005, Dixon na wenzake nchini Australia waliwapa oksijeni wagonjwa wanene kabla ya kuwalaza kwa dawa. Walioinuliwa upande wa kichwa kwa nyuzi 25 walidumu bila pumzi kwa wastani wa sekunde 46 zaidi ya waliolala bapa kabla oksijeni yao kushuka. Kwa anayehangaika kuingiza mpira kooni, sekunde hizo si chache.

6. Jibu lisilotarajiwa la mwaka 2019

Kutokana na maarifa hayo, wengi walitazamia kwamba shinikizo kubwa lingewafaa wanene wote. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa takribani 2,000 katika nchi 23, ulilipima tarajio hilo. Wote walipewa pumzi ndogo iliyokadiriwa kwa kimo. Kundi moja lilipata shinikizo la sentimita 12 za maji pamoja na kupanuliwa mapafu mara kwa mara. Kundi la pili lilipata sentimita 4. Matatizo ya mapafu baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 21.3 na 23.6, tofauti isiyotosha kuthibitisha ubora wa njia yoyote. Katika kundi la kwanza oksijeni ilishuka mara chache zaidi wakati wa upasuaji, lakini shinikizo la damu lilishuka mara nyingi zaidi. Hivyo, swali la shinikizo lilibaki wazi, na namba moja haikuweza kuwatosha wote.

7. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba uhakika mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kale kuliko yote: mapafu hayanenepi pamoja na mwili. Mitambo, picha na dawa mpya zimeeleza sababu, lakini pale pumzi ilipohesabiwa kwa mizani, mgonjwa mnene ndiye aliyebeba gharama. Kwa hospitali za ukanda huu, funzo hili lina thamani ya pekee kwa kuwa halisubiri mtambo wa bei ghali. Linahitaji futikamba, mito ya kuinua kichwa na mabega, na jedwali la Kiswahili linalolinganisha kimo na kiasi cha pumzi, likiwa limebandikwa penye macho ya kila anayeshika mfuko wa hewa. Kuandaa jedwali hilo, pamoja na istilahi zinazoeleweka kwa muuguzi na daktari kwa pamoja, ni kazi inayowahusu wataalamu wa lugha sawasawa na wataalamu wa tiba.