Kufuli Tatu, Salio Moja

Wanafunzi wa programu za kompyuta hupewa zoezi la akaunti ya pamoja. Salio ni shilingi 100,000, na nyuzi mbili za programu zinakwenda kwa wakati mmoja, kila mmoja ukitaka kutoa 60,000. Wa kwanza unasoma salio na kuona fedha zinatosha. Kabla haujaandika, wa pili nao unasoma zile zile 100,000. Zote zinatoa, zote zinaandika 40,000, na tayari 120,000 zimetoka. Dawa yake, aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1965, ni kwamba mmoja akilishughulikia salio wengine wasubiri. Nadai kwamba fedha za pamoja katika kata kama Singe, mjini Babati, zimelindwa kwa kanuni hiyo hiyo, na waliozilinda hawakuhitaji kompyuta.

Enzi za NBC, benki iliyozaliwa na Azimio la Arusha mwaka 1967, salio liliishi kwenye leja ya tawi. Leja ilikuwa moja, na makarani wawili hawakuweza kuandika mstari mmoja kwa pamoja. Usumbufu wa kulifuata tawi ndio uliokuwa ulinzi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikaenea vikundi vya kuweka na kukopa viitwavyo VICOBA, na vile vya hisa vya aina ile iliyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Siku ya kikao namba inaitwa, mwanachama anasogea, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, mhuri unagongwa kitabuni kwa kila hisa, ndipo inaitwa namba inayofuata. Mkopo hautoki mpaka hisa zimekwisha kukusanywa na jumla imetajwa kwa sauti.

Atatokea wa kusema kufuli hizo ni za wezi, basi. Kweli, kufuli ni za wezi. Lakini kuita namba hakumzuii mwizi yeyote. Kunazuia mmoja asikopeshwe kutoka kwenye jumla ambayo mwingine bado anaibadilisha. Hata udhaifu wa mfumo huu mafundi wa programu wanaufahamu: mshika ufunguo akisafiri ghafla, kikao kizima kinakwama.

Wengine watasema simu imemaliza habari ya sanduku. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008. Lakini tatizo halikufa, limehamia kwenye seva, ambako mwanachama haoni nani anasubiri na nani ameshaandika. Hapo naona hasara, maana nguvu ya kikao ilikuwa macho ya watu wote. Wanaotengeneza akaunti za vikundi kwenye simu wasiishie kuweka kufuli ndani ya programu. Kila fedha inapoingia au kutoka, wamwoneshe kila mwanachama salio la kabla na la baada.