Mabingwa Waliopitishwa Njia ya Pembeni

Basi la shule likirudi na kombe halipiti njia ya mkato. Litazunguka stendi, litapita sokoni, honi ikilia na wanafunzi wakipiga madebe, hata kama bweni liko upande mwingine kabisa. Dereva anajua kazi yake: mji uone. Katika jimbo la Indiana, Marekani, miaka ya 1950, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana anayetaka kuelewa fainali mbili za huko, ya 1954 na ya 1955, afuate njia walizopitishwa mabingwa baada ya filimbi ya mwisho.

Kwa watu wa Indiana, mpira wa kikapu wa shule haukuwa mchezo wa watoto. Mashindano ya jimbo yalianza 1911, na kwa miaka mingi hayakuwa na madaraja. Shule ya wanafunzi 100 ilitiwa kapu moja na shule ya wanafunzi 2,000, na aliyefungwa mara moja alirudi nyumbani. Ipo miji midogo iliyojenga kumbi za michezo zenye viti vingi kuliko wakazi wake. Fainali zilichezwa Indianapolis, mji mkuu, katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Butler uliomeza watu wapatao 15,000.

Mwaka 1954 ziliingia timu 751. Moja ilitoka Milan, mji wa watu 1,150 hivi, na shule yake ilikuwa na wanafunzi 161, wavulana 73 tu. Kocha, Marvin Wood, alikuwa na miaka 26. Tarehe 20 Machi vijana hao walijikuta fainali mbele ya Muncie Central, shule kubwa iliyokwisha kubeba kombe mara nne. Robo ya mwisho, Milan wakiwa nyuma kwa pointi mbili, Bobby Plump alisimama na mpira mkononi dakika nne na sekunde 13 bila kuudunda wala kumpasia mtu. Sheria haikumkataza. Ukumbi mzima ulimtazama akiwa amesimama tu! Baadaye matokeo yakawa 30–30, na katika sekunde za mwisho Plump huyo huyo akarusha, ukaingia. 32–30.

Usiku ule polisi wa pikipiki aliyewasindikiza aliwazungusha Monument Circle, mzunguko wenye mnara katikati ya Indianapolis, kinyume na mwelekeo wa magari. Kesho yake, walipokuwa wakirudi kwao, watu waliokadiriwa kufika 40,000 walifurika katika mji ule mdogo na kandokando ya barabara zake. Mwaka 1986 kisa hicho kilizaa filamu ya Hoosiers, na Plump akawa jina linalojulikana kila nyumba.

Njiani kwenda fainali, Milan waliitoa shule moja ya Indianapolis kwa 65–52. Ilikuwa Crispus Attucks, na kati ya wachezaji wake alikuwamo mvulana wa miaka 15 aitwaye Oscar Robertson.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Attucks ilifunguliwa 1927, enzi ambazo Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, lilikuwa na nguvu kubwa katika siasa za Indiana. Ilijengwa ili wanafunzi weusi waondolewe katika sekondari walizokuwa wakisoma pamoja na wazungu. Mpango wa awali ulikuwa kuipa shule hiyo jina la Thomas Jefferson, rais wa Marekani aliyemiliki watumwa. Wazazi weusi wakakataa, ikapewa jina la mtu mwenye asili ya Afrika aliyeuawa Boston mwaka 1770 kwa risasi za askari wa Kiingereza. Vyuo vikuu vya wazungu havikuajiri wasomi weusi, kwa hiyo wasomi hao walikuja kufundisha Attucks. Shule iliyokusudiwa kuwa zizi ikawa na walimu ambao shule nyingi za wazungu hazikuwa nao.

Michezoni walifungiwa mlango. Chama cha michezo ya shule za jimbo kilidai kuwa Attucks si shule ya umma kamili kwa kuwa haipokei wanafunzi wote, kana kwamba ni wao waliojitenga. Mpaka 1942 hawakuruhusiwa kushindania kombe. Hata baada ya hapo ukumbi wao ulikuwa mdogo mno, hivyo walicheza mechi nyingi ugenini, wakisafiri kwa basi hadi vijijini. Kocha Ray Crowe aliwafundisha kutobishana na refa hata walipoonewa. Robertson mwenyewe alijifunzia mchezo huu kwenye uwanja wa vumbi karibu na nyumba za Lockefield Gardens.

Tarehe 19 Machi 1955 Attucks waliingia fainali wakiwa wamepoteza mechi moja tu msimu mzima, tena kwa pointi moja. Wapinzani wao walikuwa Roosevelt ya mji wa Gary, nayo shule ya weusi. Attucks walishinda 97–74, Robertson akifunga pointi 30. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shule ya weusi watupu kutwaa ubingwa wa jimbo ulio wazi kwa shule zote nchini Marekani. Ilikuwa pia mara ya kwanza kwa shule yoyote ya Indianapolis kubeba kombe hilo. Mji mkuu ulikuwa umelisubiri miaka 44.

Mabingwa wakapandishwa gari la zimamoto, kama ilivyokuwa desturi. Lakini viongozi wa mji walikuwa wameshikwa na hofu ya fujo tangu kabla ya mechi. Gari lilifika Monument Circle, likazunguka mnara mara moja, halafu likaelekezwa Northwestern Park, kwenye mitaa ya weusi, ambako maelfu walikuwa wakiwasubiri kwa moto na nyimbo. Mji ulilitaka kombe, ila si wale waliolibeba. Robertson amesimulia baadaye kwamba aliondoka mapema kwenye sherehe, akaenda kwa baba yake, akamwambia kuwa watu wale kwa kweli hawawataki. Alikuwa na miaka 16. Mwaka uliofuata Attucks walichukua tena kombe bila kufungwa hata mechi moja, na 1960 Robertson alirudi kutoka Rome na medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka 2015, miaka 60 baada ya fainali ile, wachezaji wa 1955 waliokuwa bado hai walialikwa kuongoza gwaride kubwa la kila mwaka la tamasha la 500 Festival. Gwaride hilo hupita katikati ya jiji la Indianapolis.